Mkono Unaompa Mtoto Chupa

Hotuba iliyotolewa Mbebe mbele ya waumini, majirani na vijana wakati wa maadhimisho ya hekalu letu



Naishukuru kamati ya maadhimisho kwa kunipa nafasi hii. Mimi ni mfanyabiashara. Elimu yangu ilikomea sekondari, na sehemu kubwa ya umri wangu imepita nyuma ya kaunta. Si daktari wala si mwanasheria. Nitasema kama mtu wa duka, kwa sababu jambo nililoombwa kulizungumzia, yaani watoto wetu kunywa pombe na kisha kushika usukani, huanzia dukani kabla ya kufika barabarani na hospitalini.

Tuanze na mahali tunapoishi. Mkoa wetu wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, umepakana na Zambia na Malawi. Barabara kuu iendayo Zambia hupita Vwawa hadi Tunduma, na usiku na mchana malori hufuatana humo kama siafu. Penye malori pana riziki, na vijana wetu huifuata: mmoja anapakia mizigo, mwingine ni utingo, wa tatu ana bodaboda. Lakini penye malori pana vilevile watu waliochoka, wenye fedha mfukoni na usiku mrefu mbele yao, na kandokando ya barabara hiyo kileo hakikosekani. Kijana wa miaka 16 anayekwenda kutafuta kazi hukutana na chupa siku ileile anayokutana na mshahara wake wa kwanza.

Huku vilimani kwetu hakuna msongamano wa malori, lakini barabara ni nyembamba, zina kona na miteremko, na mvua ikinyesha udongo huteleza. Kwetu pikipiki ndiyo gari la mgonjwa, ndiyo gari la mazao, na mara nyingi ndiyo gari la mwanafunzi. Watoto hujifunza kuiendesha shambani wangali wadogo, nasi wakubwa hufurahi kuona wamekuwa wepesi wa mikono. Mwepesi wa mikono akishalewa, wepesi ule haumsaidii kitu.

Sikusimama hapa kutukana mila za mtu. Wazee wa nchi hii walikuwa na kimpumu chao kabla babu zetu hawajashuka melini, na kimpumu kilikuwa na wakati wake, mahali pake na watu wake. Mtoto hakujinunulia, wala hakwenda nacho kichakani. Kilichobadili mambo ni pombe iliyofungwa ili iweze kufichwa.

Mnakumbuka viroba. Kilikuwa kifuko cha plastiki chenye pombe kali, bei yake ndogo kiasi kwamba mtoto angeweza kukinunua kwa fedha aliyopewa ya andazi, na umbo lake dogo kiasi kwamba kilikaa ndani ya soksi ya sare ya shule. Wenzetu wa Zambia walivipiga marufuku mwaka 2012. Wao waliviita tujilijili. Hapa kwetu Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza marufuku, ikaanza kutekelezwa tarehe 1 Machi 2017. Uganda nao wakafuata mwaka 2019. Serikali tatu za jirani hazikukubaliana kwa bahati. Ziliona kwamba kileo kikishuka hadi bei ya pipi, mnunuzi wake atakuwa mtoto.

Katika miaka ile ya viroba alinijia wakala mmoja dukani. Alikuwa mtu mwungwana, mwenye daftari safi. Akanionesha hesabu: katoni moja kwa bei hii, ukiuza kimoja kimoja unapata kiasi hiki, na mzigo hauozi wala hauhitaji jokofu. Akanishauri niviweke karibu na kalamu na biskuti, maana hapo ndipo wateja wadogo husimama. Hesabu yake haikuwa na kosa hata moja. Tatizo ni kwamba iliishia mlangoni mwa duka. Haikuwa na safu ya yule mteja mdogo baada ya kutoka nje.

Naomba tuiongeze safu hiyo leo, tuone inasomekaje.

Pombe inapoingia mwilini huanza kazi katika ubongo. Hupunguza woga kwanza, na ndiyo maana mlevi hujiona hodari. Kisha huchelewesha macho, masikio na mikono kupashana habari. Pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akichelewa kushika breki kwa nusu sekunde tu, chombo kimekwisha kwenda mita 8 zaidi. Mita 8 ni upana wa barabara. Ni ng'ombe, ni mama mwenye kuni, ni mtoto anayevuka kutoka shule.

Kwa kijana hatari huzidi, kwa sababu mbili. Ubongo wa binadamu haukomai kabla ya miaka 20 na zaidi kidogo, na sehemu inayochelewa kukomaa ndiyo ile inayotuambia "ngoja, fikiri kwanza". Pili, kijana bado ni mgeni wa barabara. Kiasi kilekile cha pombe ambacho dereva mzoefu angetetereka nacho, yeye huangushwa nacho. Wengine hudhani kahawa, maji ya baridi au usingizi mfupi huondoa ulevi. Haviondoi. Ini ndilo linaloondoa kileo, nalo halikimbizwi: bia moja ya nusu lita huhitaji saa mbili hadi tatu. Aliyekunywa chupa nne hadi usiku wa manane, akaamka alfajiri kuwahi abiria, huenda anaendesha akiwa bado na pombe mwilini, ingawa amenawa uso na kubadili shati.

Shirika la Afya Duniani linatuambia kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachowaua zaidi ya ajali za barabarani. Si malaria, si kifua kikuu. Na anayenusurika barabarani bado ana hatari nyingine. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1997 uliona kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuwa na uwezekano mara nne zaidi wa kuja kuwa watumwa wa pombe kuliko wale waliosubiri hadi miaka 21. Kwa hiyo kila mwaka tunaoweza kumchelewesha mtoto ni faida yake, hata kama ataamua kunywa atakapokuwa mtu mzima.

Mtu atauliza: je, sheria haipo? Ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, inakataza kumuuzia pombe, na inamtaka mwenye baa asimruhusu kuingia. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu. Lakini kikomo hicho kimewekwa kwa mtu mzima mwenye leseni. Kwa mtoto hakuna kiasi kinachoruhusiwa, kwa kuwa hata hiyo pombe yenyewe hakustahili kuuziwa.

Kwamba sheria peke yake haitoshi, sisi wenye asili ya Gujarat tunalo somo la karibu. Jimbo hilo limepiga marufuku pombe tangu lilipoundwa mwaka 1960, kwa kumuenzi Mahatma Gandhi aliyezaliwa huko. Hata hivyo, Julai 2009 zaidi ya watu 100 walikufa Ahmedabad kwa kunywa pombe haramu yenye sumu, na Julai 2022 zaidi ya 40 wakafa kwa namna hiyohiyo upande wa Botad. Sheria ilikuwepo mara zote mbili. Muuzaji alikuwepo, mnunuzi alikuwepo, na jirani aliyejua akanyamaza alikuwepo pia.

Kwa hiyo nauliza swali la kidukani: chupa ilimfikiaje mtoto? Haikuota mfukoni mwake. Ukifuatilia nyuma utakuta mkono wa mtu mzima, na mara nyingi mkono huo hauna nia mbaya hata kidogo.

Mkono wa kwanza ni wa muuzaji anayesema, "Ametumwa na baba yake." Huenda ni kweli ametumwa. Lakini leo katumwa, kesho atasema katumwa.

Mkono wa pili ni wa huyo baba. Amekaa barazani, amechoka, anampa mtoto noti aende akamletee bia mbili. Anadhani amemfunza utii. Amemfunza pia njia ya kwenda baa, bei, na jina la mhudumu.

Mkono wa tatu ni wetu, na hapa nawaomba wanajumuiya wenzangu wanivumilie. Hekaluni mwetu hapana pombe, nasi tunajivunia hilo. Walakini harusi zetu haziishii hekaluni. Ngoma ikikolea ukumbini, nyuma ya ukumbi buti la gari hufunguliwa, na mjomba humwita kijana wa miaka 16 kando, akamtilia kidogo katika bilauri ya soda na kumwambia sasa amekuwa mwanamume. Kijana huyohuyo, kwa kuwa baba yake ana magari mawili, ndiye atakayepewa funguo awapeleke dada zake nyumbani. Tusidanganyane. Mtoto wa mkulima akianguka na pikipiki tunasema hakulelewa. Wa kwetu akigonga ukuta na gari tunasema breki zilikataa. Ajali ni ileile, na pombe ni ileile.

Mkono wa nne ni wa mwenye pikipiki anayempa mtoto chombo kwa mkataba wa jioni. Hesabu ya siku ikikamilika, haulizi nani aliendesha, alikuwa na umri gani, wala alikuwa katika hali gani alipobeba abiria watatu kwa mtindo wa mishikaki.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe nililotaka kulisema leo. Wafanyabiashara wenzangu wengi hawapendi kumuuzia mtoto. Nimezungumza nao, nawajua. Kinachowashinda ni hoja moja: "Nikimkatalia mimi, atanunua kwa jirani. Nitapoteza mteja, na mtoto atalewa vilevile." Hoja hiyo ina nguvu, na hatuwezi kuijibu kwa mahubiri. Muuzaji mmoja akikataa peke yake kweli atapata hasara. Lakini wauzaji wote wa eneo moja wakikataa siku moja, hakuna aliyempokonya mwenzake mteja. Hasara inakuwa ndogo na inagawanyika, na mtoto hana pa kwenda. Uaminifu wa mmoja ni mzigo mzito, ila tukiubeba wengi unabebeka.

Hoja hiyohiyo ipo kwa wazazi. Mama anapomwambia mwanawe arudi saa mbili usiku, mtoto hujibu, "Mbona wenzangu wote wanaruhusiwa?" Naye mama hulegea, kwa kuwa hataki mwanawe aonekane mfungwa. Kumbe kila mama katika mtaa ule anaambiwa maneno yaleyale, na kila mmoja analegea kwa ajili ya mwenzake.

Kuna nchi iliyolifanyia kazi hilo. Iceland ni kisiwa cha baridi huko kaskazini mwa Ulaya, chenye watu wachache kuliko wilaya zetu nyingi zikiunganishwa. Mwaka 1998, katika kila vijana 100 wa miaka 15 na 16, vijana 42 walisema walilewa ndani ya mwezi uliopita. Wakubwa wa nchi hiyo hawakuishia kuwafokea vijana. Wazazi walikutana shuleni wakatia saini makubaliano: watoto wasionekane nje baada ya saa fulani, asiwepo mzazi wa kuwanunulia pombe, na kila mzazi awe na haki ya kumwuliza mtoto wa mwenzake anakwenda wapi. Pamoja na hayo vijana wakawekewa michezo, muziki na walimu wa kuwafundisha hivyo nyakati za jioni. Ilipofika mwaka 2016 idadi ile ya 42 ilikuwa imeshuka hadi 5.

Na asiwepo wa kusema kwamba sisi ni watu wadogo, hatuna sauti. Mwaka 1980 huko California mama mmoja, Candy Lightner, alifiwa na binti yake wa miaka 13 aliyegongwa na dereva mlevi akitembea kando ya barabara. Dereva huyo alikwishawahi kukamatwa kwa ulevi kabla ya hapo. Mama huyo hakuwa mbunge wala tajiri. Alianzisha chama cha akina mama, wakaenda bungeni na picha za watoto wao, na mwaka 1984 ikapitishwa sheria iliyoyasukuma majimbo yote ya Marekani kuweka umri wa kununua pombe kuwa miaka 21. Sisi tusingoje kwanza tufiwe ndipo tukutane. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa msiba hauna fundi.

Ndugu zangu, napendekeza makubaliano matano, na ningependa yatiwe saini, kwa kuwa mfanyabiashara huheshimu zaidi lililoandikwa.

La kwanza, wenye maduka, vilabu na baa wa kata yetu tukubaliane kwa pamoja kutomuuzia kileo aliye chini ya miaka 18, hata akija na barua ya baba yake. Orodha ya waliokubali ibandikwe ofisi ya kata, ili kila mtu aisome na ajue nani hayumo.

La pili, wazazi tuache kuwatuma watoto pombe. Anayetaka kunywa na aende mwenyewe kwa miguu yake. Itamsaidia pia kujua kama bado inamtii.

La tatu, funguo. Asiye na leseni asipewe gari wala pikipiki, hata kwa safari ya kwenda dukani na kurudi. Mwenye pikipiki za biashara amwone dereva wake kwa macho asubuhi kabla ya kumkabidhi chombo.

La nne, sherehe zetu. Iwe ni Diwali, harusi, kipaimara au Idi, kamati ya sherehe itenge gari moja na dereva mmoja mzima asiyekunywa, wa kuwarudisha vijana nyumbani. Gharama yake haifiki bei ya maua ya ukumbini. Nami nimeiambia kamati ya hekalu kwamba gari hilo kwa sherehe zetu za mwaka huu nitalitoa mimi, na mafuta yake.

La tano ni gumu kuliko yote, nalo ni la simu. Kila mzazi amwambie mwanawe: "Ukijikuta umelewa, au aliyekubeba amelewa, nipigie saa yoyote. Nitakuja au nitamtuma mtu. Usiku huo sitakupiga wala sitakugombeza." Mazungumzo yangoje asubuhi. Wapo vijana wanaopanda pikipiki ya mlevi kwa sababu wanaogopa fimbo ya baba kuliko barabara. Woga huo tuuondoe sisi. Mtoto aliyefika nyumbani tunaweza kumrudi kesho.

Nanyi vijana, msidhani mmekaa hapa kusikiliza mashitaka. Nimeanza na mikono ya wakubwa kwa makusudi, maana ndiyo yenye kosa kubwa. Lakini ninyi mna nguvu ambayo sisi hatuna. Mzee akikataza, kijana husikia amri. Rafiki akikataza, husikia upendo. Mwenzako akilewa, chukua funguo zake uzifiche. Atakutukana usiku, na asubuhi atakushukuru. Na hata asipokushukuru, atakuwa hai. Aliyekuja kukubeba akiwa ananuka pombe, mwambie umesahau kitu, rudi ndani. Hakuna aibu katika kutembea kwa miguu.

Nimesikia ikisemwa kwamba makubaliano ya namna hii hayawezekani, kwa sababu tuna dini tofauti na makabila tofauti. Naona kinyume chake. Msikitini pombe imekatazwa. Katika dini yetu ya Kihindu vitabu vya kale vinahesabu ulevi miongoni mwa dhambi kubwa. Makanisa mengi ya mkoa huu huhubiri juu ya kiasi kila Jumapili. Mambo tunayotofautiana ni mengi, ila hakuna nyumba ya ibada katika mkoa huu inayofundisha kwamba ni vema mtoto alewe. Na barabara haijui dini ya anayepita. Gari la kijana wetu linaweza kumgonga mtoto wa jirani, na pikipiki ya kijana wa jirani inaweza kumgonga wa kwetu. Tutakutana makaburini na mahali pa kuchomea maiti, kila mtu na desturi yake, machozi yakiwa ya aina moja.

Hekalu letu limejengwa kwa matofali na saruji, na majirani wasio wa dini yetu walitusaidia kuyabeba matofali hayo. Kwa hiyo nimewaomba wanakamati kwamba karatasi ya makubaliano haya iwekwe leo juu ya meza pale penye chai, pamoja na kalamu mbili. Atakayetaka kutia saini atie. Atakayetaka kwenda kufikiri kwanza, na aende kwa amani. Meza itakuwepo hadi jioni.

Mungu awalinde watoto wa nyumba zote.